Spika ya mezani, baa ya video au miksa? Kuchagua sauti na mtandao wa chumba cha mikutano Arusha na Moshi

Anayeandaa chumba cha mikutano ya mtandaoni huanza mara nyingi na runinga, kisha kamera, kisha swali la Zoom au Teams. Maiki na waya wa intaneti hununuliwa mwisho kwa hela iliyobaki. Ushauri wetu ni kugeuza mpangilio huo. Wakala wa Ujerumani anayeulizia safari ya Serengeti atavumilia picha yenye ukungu kwa saa nzima, lakini sauti ikianza kukatika ataomba haraka mwendelee kwa barua pepe. Sauti hiyo huharibikia mara nyingi sehemu mbili: kati ya mdomo na maiki, na kati ya rauta na mtoa huduma.

Pima umbali kabla ya kununua chochote

Umbali kati ya mdomo na maiki ukiongezeka mara mbili, sauti inayofika hushuka kwa takribani desibeli 6. Msemaji aliyekuwa sentimita 50 kutoka kwenye maiki akikaa mita 2, desibeli 12 zimepotea, huku kelele ya feni na mwangwi wa kuta vikibaki palepale. Programu ikisikia sauti ndogo hupandisha geini (kiwango cha kukuza sauti ya maiki), na geini ikipanda hupanda na kila kitu. Ndipo upande wa pili wanapolalamika kwamba mnasikika kama mko ndani ya pipa.

Vyumba vya huku vina matatizo mawili yanayojirudia. La kwanza ni vigae sakafuni na vioo vikubwa ukutani, hasa pale ambapo mwenye jengo alitaka Meru au Kilimanjaro ionekane. Piga kofi moja katikati ya chumba kitupu. Ukisikia mlio unaoendelea baada ya kofi, nunua mapazia mazito na zulia kabla ya maiki ya bei kubwa. La pili ni bati lisilo na dari. Masika, kati ya Machi na Mei, mvua ikipiga bati hakuna kichujio cha kelele kitakachookoa maiki iliyo mita 2 kutoka kwa msemaji. Kichujio kitapunguza mvua, lakini kitakula pia silabi za mwisho za maneno. Chumba cha namna hiyo kinahitaji maiki ya sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, na sharti hilo peke yake linaondoa vifaa viwili kati ya vitatu tunavyolinganisha hapa.

Spika ya mezani

Hiki ni kifaa cha duara chenye maiki na spika ndani, kinachochomekwa kwenye USB. Jabra Speak 510 imekusudiwa watu hadi 4, na 710 hadi 6. Kwa ofisi ya utalii ya Njiro au Sakina yenye meza moja na watu wanne, hatuoni sababu ya kununua zaidi ya hapo.

Nguvu yake ni kwamba spika na maiki viko katika mwili mmoja, kwa hiyo kifaa kinajua kinachotoka na kinaweza kukiondoa kwenye kinachoingia. Kwa sababu hiyohiyo, usikitenganishe. Katika mipangilio ya sauti ya programu chagua kifaa hichohicho kwa maiki na kwa spika. Ukisikilizia kwenye runinga huku maiki ikiwa ya mezani, mwangwi utaanza.

Kuhusu viwango, kifaa kina mtambo wake wa kurekebisha geini, na programu nayo ina wake. Vikifanya kazi pamoja utasikia sauti ikivuta pumzi: mtu akinyamaza kelele inapanda, akianza kusema neno la kwanza linafoka kisha linashuka. Ondoa tiki kwenye kipengele cha programu cha kurekebisha maiki chenyewe, weka maiki kwenye asilimia 80 ndani ya Windows, kisha rekodi sekunde 20 kwa Audacity (programu ya kurekodi sauti), msemaji akiwa kwenye kiti cha mbali zaidi na akitumia sauti ya kawaida. Vilele vya sauti vifike kati ya desibeli −12 na −6 kwenye kipimo. Chumba kikiwa kimya, kelele ibaki chini ya −50. Tofauti ya sauti na kelele ikiwa chini ya desibeli 15, kusikilizana kutakuwa kazi, na dawa ni kusogeza kifaa.

Bluetooth ya laptopu yenyewe iepukwe. Maiki ikiwashwa kwa njia hiyo, mara nyingi sauti hubanwa na kuwa ya simu. Tumia waya, au kipokezi kidogo cha USB kinachokuja na kifaa.

Baa ya video

Kamera, maiki na spika ziko katika kifaa kimoja kirefu kinachokaa chini ya runinga. Mfano unaofahamika ni Logitech MeetUp: lenzi yake inaona nyuzi 120, na maiki zake zinakusudiwa kufika mita 2.4, au mita 4.2 ukiongeza maiki ya ziada ya mezani. Kwa watu 6 hadi 8 kwenye meza fupi ni chaguo zuri, kwa sababu mtu yeyote anaingia, anachomeka waya mmoja na kikao kinaanza.

Kosa la kawaida ni kuiweka kwenye meza ndefu. Meza ya mita 5 ina mkurugenzi mwisho kabisa, na mkurugenzi ndiye anayetakiwa kusikika. Bila maiki ya ziada, usinunue baa kwa meza inayozidi mita 3.

Kosa la pili halionekani kwa macho. Kompyuta ikiunganishwa na runinga kwa HDMI, Windows huweza kuhamishia sauti kwenye spika za runinga bila kukuuliza. Runinga huchelewesha sauti kidogo ili kuichakata, na baa haina habari na kinachotoka humo. Matokeo yake ni mwangwi unaowasumbua wa upande wa pili peke yao, nanyi chumbani hamsikii kitu. Ingia kwenye orodha ya vifaa vya sauti na uzime kabisa ule wa HDMI.

Tatu ni waya. USB 2.0 ya kawaida isizidi mita 5. Fundi akiunga kebo mbili ili zifike katikati ya meza, kamera itapotea na kurudi katikati ya kikao. Umbali ukizidi hapo, nunua kebo yenye kikuza ishara ndani.

Miksa na maiki za kila msemaji

Ukumbi wa hoteli wa viti 60, darasa la chuo Moshi, au chumba cha bati lisilo na dari: hapa hakuna njia ya mkato. Unahitaji miksa yenye ingizo 4 za XLR (plagi ya duara ya pini tatu) au zaidi, USB, na AUX (njia ya pembeni ya kutoa sauti) inayochukua sauti kabla ya fada, yaani kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti. Ongeza maiki 2 za shingo kwa meza kuu, maiki 2 za mkononi za aina ya Shure SM58, na spika 2 zenye amplifaya ndani. Maiki za shingo kwa kawaida zinahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye miksa. SM58 haiuhitaji, wala haiharibiki nao mradi kebo ni XLR iliyo nzima.

Geini hupangwa hivi. Shusha fada zote. Bonyeza kitufe cha PFL (kinachopima sauti kabla ya fada) cha njia ya kwanza, msemaji aseme kwa sauti ya kikao, kisha pandisha geini mpaka taa zicheze kwenye 0 na vilele vifike +6. Washa kichujio cha chini cha hezi 80 au 100 ili miguso ya meza na mngurumo wa jenereta visiingie. Rudia kwa kila maiki, halafu peleka fada kwenye 0. Kwenye kompyuta vilele viwe kati ya −12 na −6 kama tulivyosema. Vikizidi, punguza fada kuu na uache geini ilipo.

Sasa sehemu inayowashinda wengi. Miksa nyingi ndogo hupeleka kwenye USB kila kilichomo kwenye fada kuu. Sauti ya mgeni wa mtandaoni inaingia miksa kupitia USB, inakwenda kwenye fada kuu ili ukumbi uisikie, na kutoka hapo inarudi kwa mgeni mwenyewe. Anajisikia akijirudia, anaomba radhi, ananyamaza. Suluhisho ni kutenganisha njia mbili:

- Fada kuu iende kwenye kompyuta peke yake. Iwe na maiki za ukumbini tu. Fada ya njia ya USB inayorudi ishushwe hadi chini.
- Spika za ukumbi zichomekwe kwenye AUX 1. Pandisha AUX 1 kwenye njia za maiki na kwenye njia ya USB, ili ukumbi usikie wote.

Ndiyo maana AUX lazima ichukue sauti kabla ya fada. Ikiwa ya baada ya fada, ukishusha fada ya USB umemnyamazisha mgeni ukumbini pia. Ukikagua jambo moja tu dukani, kagua hilo. Na kiondoa mwangwi cha programu kibaki kimewashwa, kwa kuwa maiki za ukumbini bado zinasikia spika.

Acha wazi maiki ya anayesema na ya mwenyekiti, basi. Kila idadi ya maiki zilizo wazi inapoongezeka mara mbili unapoteza takribani desibeli 3 kabla spika hazijaanza kulia, na kutoka moja hadi nne ni desibeli 6. Umbali kati ya maiki na maiki uwe mara tatu ya umbali wa mdomo na maiki yake: mdomo ukiwa sentimita 30, maiki jirani ikae sentimita 90 au zaidi.

Miksa isiyo na USB isichomekwe kwenye tundu la maiki la laptopu. Sauti inayotoka miksa ina nguvu kubwa mno kuliko ile ambayo tundu hilo limetengenezewa, hivyo itapasuka hata ukiishusha kwenye Windows. Nunua kadi ya sauti ya nje ya USB yenye ingizo la laini.

Ukisikia mvumo mzito usiokoma, ni hezi 50 za umeme. Chomoa chaja ya laptopu. Mvumo ukiondoka, umeme unazunguka kupitia nyaya za ardhi: weka kompyuta na miksa kwenye kebo moja ya umeme, na ikishindikana tumia transfoma ya kutenganisha sauti. Kuna mafundi wanaokata mguu wa ardhi wa plagi ili mvumo uishe. Usiruhusu hilo kamwe, maana mwenye kushika maiki ya chuma ndiye atakayepigwa na shoti.

Zoom, Teams, Meet au Jitsi

Kwa ubora wa sauti tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyobishana. Tofauti za kweli ziko kwenye muda wa bure, poti (milango ya mtandao ambayo programu hupitia) na udhibiti unaopewa. UDP ni njia ya kutuma data bila kusubiri kilichopotea; TCP husubiri.

| | Zoom | Teams | Meet | Jitsi |
|---|---|---|---|---|
| Kikao cha kundi bila malipo | dakika 40 | dakika 60 | dakika 60 | hakuna kikomo kwenye seva yako |
| Poti za UDP za kufungua | 3478, 3479, 8801–8810 | 3478–3481 | 3478, 19302–19309 | 10000 |
| Kuzima urekebishaji wa geini | unaweza | unaweza | kivinjari ndicho kinachoamua | kivinjari ndicho kinachoamua |

Kwa mwenye miksa, mstari wa mwisho wa jedwali ndio unaoamua: Zoom au Teams ya kompyuta, kwa sababu viwango ulivyovipanga kwa mkono vinaheshimiwa. Kwa spika ya mezani na watu wanne, Meet inatosha na haihitaji kusakinishwa.

Poti zisichukuliwe kwa wepesi. UDP ikizuiwa na rauta ya ofisi, programu hizi hupitia TCP 443 na kikao kinaendelea, hivyo hakuna anayeshtuka. Lakini kwenye TCP pakiti (kipande cha data) iliyopotea husubiriwa mpaka itumwe tena, na zilizo nyuma yake zinasubiri foleni. Sauti inaganda, kisha inakimbia kama ya roboti. Mtandao ukionekana mzima kwenye kipimo cha kasi lakini sauti mbaya kila siku, anza kukagua hapo.

Zoom na Teams zina pia kipengele cha kutambua sauti ya mtu mmoja na kufuta za wengine. Ni kizuri kwa anayefanya kazi peke yake kwenye mgahawa wenye kelele. Kwenye kompyuta ya chumba cha mikutano kitawafuta wenzako wote. Kizime.

Mtandao: waya, Wi-Fi au 4G

Kikao cha kundi kwenye Zoom chenye picha ya 720p kinahitaji takribani Mbps 2.6 kupakia na 1.8 kupakua. Sauti peke yake inahitaji kbps 60 hadi 80. Kwa hiyo karibu kifurushi chochote cha faiba kinatosha, na bado sauti inakatika. Sababu ni kwamba kasi siyo tatizo. Tatizo ni kuchelewa, kuyumba na kupotea kwa pakiti. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, katika mwongozo wake wa G.114, inaweka milisekunde 150 za safari ya upande mmoja kuwa kiwango ambacho chini yake mazungumzo mengi hayasumbuki. Kuyumba kusizidi milisekunde 40, na pakiti zinazopotea zisizidi asilimia 2.

Faiba hadi kwenye rauta, kisha waya wa Cat6 hadi kwenye kompyuta ya mkutano, ndiyo njia tunayoipendekeza bila kusita. Waya unaruhusiwa kufika mita 100. Wi-Fi inakubalika ikiwa ni ya GHz 5 na rauta iko ndani ya chumba hichohicho. GHz 2.4 katikati ya mji, kwenye jengo lenye ofisi kumi na kila moja ina rauta yake, ni kugombania chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11.

Kujua kosa liko wapi, fungua madirisha mawili ya amri wakati wa kikao. La kwanza andika `ping -t` na anwani ya rauta yako, la pili `ping -t 8.8.8.8` (seva ya Google iliyo nje ya ofisi). Rauta kwa waya hujibu ndani ya milisekunde 1 au 2. Ikiruka hadi 80 au 200, kosa liko ndani ya ofisi yenu, kwenye Wi-Fi au swichi. Rauta ikiwa tulivu na la pili likiruka, kosa liko kwenye laini ya nje au kuna anayeijaza.

Anayeijaza kwa ofisi za utalii ni wa humohumo ofisini: kompyuta inayopakia picha na video za safari kwenda Google Drive. Piga hesabu. Laini ya kupakia ni Mbps 5, na kifaa cha mtandao kina akiba ya foleni ya kilobaiti 500, yaani megabiti 4. Foleni ikijaa, pakiti ya sauti inasubiri sekunde 0.8 kabla ya kutoka mlangoni. Kununua kasi kubwa zaidi kunafupisha tu muda wa kupakia, foleni itajaa tena kesho. Kwenye rauta ya MikroTik yenye programu ya RouterOS 7 tengeneza foleni ya aina ya `cake` au `fq_codel`, zinazogawa zamu ili pakiti za sauti zisikwame nyuma ya picha, na uweke kikomo cha asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyoipima kwa waya, kupakia na kupakua. Usiweke asilimia 100, maana foleni itarudi kwenye kifaa cha mtoa huduma ambacho huna mamlaka nacho. Baada ya hapo picha zinapakiwa na kikao kinaendelea pamoja.

4G iwe ya akiba, au ya kudumu pale faiba haijafika. Ingia kwenye ukurasa wa rauta na usome RSRP (nguvu ya mawimbi ya mnara, kwa dBm): karibu na −90 ni nzuri, ikishuka kuelekea −110 hamisha rauta hadi dirisha linalotazama mnara. Kuongeza alama mbili za mnara kwa kusogeza mita 3 ni jambo la kawaida kwenye nyumba za kuta nene. Jioni, ambapo wa Marekani ndio wanaanza kazi, nanyi mtaa mzima uko kwenye video, 4G huyumba zaidi, kwa hiyo vikao hivyo vipangiwe faiba. Na hesabu ya bando: kila Mbps 1 kwa saa moja ni MB 450. Kikao cha 720p, kupakia na kupakua pamoja, ni karibu GB 2 kwa saa. Sauti peke yake ni kama MB 72.

Umeme na laini ya pili

Kifaa cha faiba na rauta kwa pamoja hutumia takribani wati 25. UPS ya VA 650 yenye betri mpya ya volti 12 na Ah 7 inavibeba kwa saa moja au zaidi kidogo. Hata kama kuna jenereta, UPS inahitajika: jenereta ikichukua sekunde 15 kuwaka, rauta iliyozimika itachukua dakika mbili au tatu kurudi, na wageni wameshaondoka kikaoni. Usichomeke projekta kwenye UPS hiyo.

Laini ya pili ichaguliwe kwa kuuliza inapitia wapi, mbali na kuuliza bei. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika pamoja, na wenye kampuni mbili tofauti wakajikuta wamekosa intaneti kwa wakati mmoja kwa sababu zote zilitegemea kebo zilezile. Muulize mtoa huduma njia yake ya kutoka nje ya nchi kabla hujasaini.

Kwa kikao kisichoweza kuahirishwa, weka mezani simu yenye laini ya kampuni nyingine na bando la MB 500, programu ikiwa tayari na namba ya kikao imeandikwa kwenye karatasi. Faiba ikifa, ingia kwa simu bila video, na uiweke sentimita 30 kutoka kwa msemaji. Zima kwanza maiki na sauti ya kompyuta, la sivyo laini ikirudi katikati ya mazungumzo, vifaa viwili vitaanza kusikilizana.